Labeli ya kahawa ni ya nani: ya ONG ao ya mulimaji?

Kila mara tukizungumzia kahawa ya Jomba ao ya Busanza, kuna mwenzetu anauliza: hii mambo ya Fairtrade na bio inasaidia kweli, ao ni kazi ya ma-ONG kujitafutia pesa? Wengi wanajibu haraka sana, bila kuangalia namna kitu yenyewe inatembea.

Labeli ilizaliwa mu mikono ya ONG, hiyo ni kweli. Mwaka 1988, Solidaridad ya Uholanzi ilianzisha Max Havelaar kusudi kahawa ya walimaji wadogo wa Mexico iuzwe mu maduka ya kawaida. Kutoka pale njo Fairtrade ikakomaa. Rainforest Alliance nayo ni shirika lisilotafuta faida. Lakini anayeandika masharti si yeye anayekuja kukagua shamba. Kwa Fairtrade anakuja Flocert, kwa bio yanakuja makampuni yaliyoruhusiwa na Umoja wa Ulaya, na mkaguzi analipwa na yule anayeomba sertifika. Shida yetu inaanzia hapo.

Tupige hesabu. Tangu Agosti 2023, bei ya chini ya Fairtrade kwa arabika iliyooshwa ni dola 1.80 kwa libra, karibu dola 4 kwa kilo. Juu yake kuna primu ya senti 20 kwa libra. Kontena moja ya tani 19 inaleta primu ya karibu dola 8,400, na ni mkutano mkuu wa koperative unaoamua itafanya nini. Sasa muangalie vizuri: zile dola 4 ni za kahawa iliyokobolewa, tayari kupakiwa bandarini. Hazihusu matunda mekundu yenye mama anabeba mu kitunga, juu kilo moja ya kahawa hiyo inaomba karibu kilo 6 za matunda. Tena mwisho wa 2024 soko ya New York ilipita dola 3 kwa libra. Wakati kama ule bei ya chini haina kazi, primu tu njo inabaki.

ONG wanaingilia wapi? Mfano wa karibu ni SOPACDI ya Minova, kule Kalehe, iliyoanzishwa 2003. Wakati ule walimaji walikuwa wanavusha kahawa ziwani usiku kwenda Rwanda, na wengine walikufa maji. Mwaka 2011 SOPACDI ikawa koperative ya kwanza ya kahawa ya Kongo kupata Fairtrade, na nyuma yake kulikuwa Twin, shirika la Uingereza. Bila mtu wa kulipa ukaguzi wa kwanza, kufundisha wakaguzi wa ndani na kutafuta mnunuzi, sioni namna gani ingewezekana. Hapo ninawapa ONG haki yao.

Lakini kwa kahawa, bio inaomba miaka 3 ya kungoja kabla ya kuvuna mavuno yenye kuuzwa kama bio. Na miradi mingi nayo inadumu miaka 3! Mfadhili anapiga picha ya mwisho siku ileile karatasi inaanza kuwa na faida. Zamani, tena, sertifika ya bio mara nyingi ilikuwa kwa jina la kampuni inayouza inje, walimaji wakabaki majina tu mu orodha. Sheria ya Ulaya 2018/848, iliyoanza kutumika 2022, inadai kikundi cha walimaji wenyewe kiwe na utu wa kisheria, kisipite watu 2,000, na kiwe na ukaguzi wake wa ndani. ONG yetu ya kawaida ni ASBL, na sheria ya 20 Julai 2001 haiiruhusu kutafutia wanachama wake faida. Kwa hiyo inatakiwa koperative ya kweli, yenye kufuata sheria ya OHADA.

Hapa Rutshuru kuna na vita. Ukaguzi wa bio ni wa kila mwaka, na tangu 2022 mkaguzi kufika ni kazi ngumu. Shamba inaweza kubaki safi, hakuna dawa hata tone, lakini karatasi ikapita tarehe, kahawa ikauzwa kama ile ingine yote.

Kuna na sheria mpya ya Ulaya juu ya misitu: mnunuzi ataomba mahali pa kila shamba, na kwamba miti haikukatwa kisha tarehe 31 Desemba 2020. Kwa shamba isiyofika hektari 4, pointi moja ya GPS inatosha. Labeli haichukue nafasi ya ile pointi. Kwa sisi tunaopakana na Virunga, si mchezo.

Kwa hiyo mwenzangu agronome, ukipata kazi mu mradi wa kahawa, uliza mapema: sertifika iko kwa jina la nani? Orodha ya walimaji na pointi za GPS zitabaki mu mashini ya nani? Ninajua koperative moja, sitaitaja jina, ambayo mradi ulifunga na kompyuta ikaenda na ofisi. Vijana wawili wanapima mashamba upya sasa, kwa miguu, na telefone yao wenyewe.