Gari Kuzimika Likipata Joto: Sensa Ipimwe Kabla ya Kubadilishwa

Gari linalozimika ghafla injini ikipata joto, kisha kuwaka tena likipoa, huenda lina hitilafu katika sensa ya mwendo wa injini. Sensa hiyo hufungwa karibu na krankishafti, husoma meno ya gurudumu linalozunguka nayo na kuiwezesha kompyuta ya gari kupanga wakati wa mafuta na cheche za plagi. Taarifa hiyo ikikatika, injini huzimika, usukani huwa mzito na msaada wa breki hupungua. Mteremkoni hiyo ni hatari kubwa.

Si ajabu mmiliki akauziwa pampu ya mafuta isiyohitajika. Katika magari mengi, mshale wa mizunguko ya injini ukibaki sifuri wakati stata inazungusha injini, sensa hushukiwa. Kifaa cha kusomea hitilafu kinaweza kuonesha msimbo P0335, lakini msimbo huo huhusu saketi nzima ya sensa: waya uliochubuka au soketi iliyolegea huweza kuuleta pia. Hivyo vikaguliwe kwanza. Sensa ya koili ipimwe ukinzani ingali na joto, kwani ikipoa huweza kuonekana nzima, na mmiliki ana haki ya kuoneshwa vipimo hivyo.

Kuibadilisha, mara nyingi, ni kuchomoa soketi na kufungua bolti moja, injini ikiwa imepoa na betri imetenganishwa. Msimbo ufutwe, kisha gari lijaribiwe hadi lipate joto lilelile lililokuwa likilizima.