Mafuta ya Jua Ambayo Mtoto Hatayakimbia

Mama mmoja alifika zahanati na mwanawe wa miaka 7 mwenye ualbino. Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka, na ncha za masikio zimetoka malengelenge. Tulipouliza kama humpaka mafuta ya kukinga jua, mama alitoa mkobani chupa aliyopewa kliniki miezi 4 nyuma. Ilikuwa bado imejaa karibu yote. "Hataki," alisema. "Nikiishika tu, yeye ameshafika kwa jirani." Mtoto naye alipoulizwa hakusita: mafuta yale yanawasha macho, na shuleni wenzake humwita Chaki.

Sababu zake ni za kweli, na dawa yake si kiboko. Ni kutafuta mafuta mengine.

Kwanza yafaa ieleweke ni nani hasa anayeyahitaji. Ngozi ya binadamu ina rangi iitwayo melanini, ambayo huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya jua isipenye ndani. Mtoto mweusi anayo ya kutosha, na kwa kawaida kofia na kivuli vinamtosha. Mzazi wake asijisumbue kununua chupa ya bei kubwa kwa kuwa ameiona kwenye tangazo. Mtoto mwenye ualbino anayo kidogo mno au hana kabisa. Kila siku ya jua kali humwachia madhara, nayo hujikusanya tangu utotoni mpaka yanapozaa saratani ya ngozi, mara nyingi akiwa bado kijana. Saratani hiyo huzuilika, na kinga yake huanzia nyumbani. Mtoto mwenye mabaka meupe ya ngozi naye akingwe sehemu hizo.

Ukifika duka la dawa, soma chupa kabla ya kuuliza bei. Tafuta herufi SPF na namba isiyopungua 30. Namba 30, ikipakwa ipasavyo, huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi inayobabua. Namba 50 huzuia asilimia 98 hivi. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo usijinyime chakula ili upate namba kubwa. Iwepo pia alama ya UVA, maana mionzi ya aina hiyo hupenya zaidi ndani ya ngozi na namba ya SPF peke yake haiielezi. Tazama na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mafuta ya mgando na mafuta ya nazi hulainisha ngozi, lakini hayachukui nafasi ya mafuta ya jua. Na krimu za kung'arisha ngozi zisimguse mtoto kamwe.

Sasa tuje kwenye ukaidi wa mtoto. Yanayowasha macho mara nyingi ni yale yenye kemikali zinazofyonza mionzi, hasa jasho la kipaji linapoyateremsha. Yenye madini ya zinki au titani hayawashi sana, ila huacha weupe usoni. Basi unaweza kutumia ya madini kwenye kipaji, pua na kuzunguka macho, ukiyapaka kidogo kidogo mpaka weupe ufifie, na mengine shingoni na mikononi. Kama kuna yale magumu ya kijiti, yanafaa sana usoni kwa sababu hayatiririki. Yasiyo na manukato ni bora. Ya kupuliza usimpulizie usoni, atayavuta kifuani. Ngozi ya mtoto mwenye ualbino hukauka upesi, hivyo krimu yenye unyevu humpendeza kuliko ile inayonata na kukusanya vumbi la njiani. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, ilibuniwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ikagawiwa kupitia kliniki za ngozi. Muulize mganga wako kama inapatikana karibu nanyi.

Kabla ya kununua chupa kubwa, jaribu tone moja upande wa ndani wa mkono wake na usubiri hadi kesho. Mwache anuse na aguse mwenyewe. Kama zipo aina mbili, achague yeye. Mtoto hubishana kidogo na kitu alichokichagua.

Kwetu hakuna mtoto anayekwenda shule bila kupakwa mafuta asubuhi. Hapo ndipo mahali pake. Wakati ndugu zake wanapakwa mafuta yao, naye apakwe yake, ili asijione mgonjwa katikati ya wazima. Mpe kioo, mwekee nukta usoni, azisambaze mwenyewe. Wewe malizia masikio, kisogo na nyuma ya mikono, sehemu zinazosahaulika. Midomo nayo ipate mafuta yake yenye SPF. Fanyeni hivyo robo saa au nusu saa kabla ya kutoka.

Kosa kubwa ni kupaka kiduchu. Uso, masikio na shingo vyahitaji karibu kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5. Mafuta hurudiwa kila baada ya saa 2 akiwa juani, na upesi zaidi akitoka jasho au kuoga mtoni. Hesabu yenyewe inatisha: ukimpaka mikono na miguu pia, chupa ya mililita 100 haimalizi wiki. Kwa sababu hiyo nguo ni kinga ya kwanza. Shati la mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kofia ya mchezaji mpira huacha masikio wazi. Akivaa hivyo, chupa ile ile hufika siku 10 hivi, ukimpaka mara mbili kwa siku.

Mwone mwalimu mkuu umwombe ruhusa ya sare ndefu na kofia. Chupa nyingine ndogo ikae kwa mwalimu wa darasa, mbali na dirisha lenye jua kwa kuwa joto huharibu mafuta. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni mtoto huyu asipewe kazi ya bustani wala kuchota maji. Apewe kazi ya ndani.

Mchanga wa chini ya miezi 6 akingwe kwa kanga na kivuli, si kwa mafuta.

Mara moja kwa mwezi, wakati wa kumwogesha, kagua ngozi yake yote. Ukiona kidonda kisichopona kwa wiki 4, uvimbe unaokua au gamba linalotoka damu, usikifunike kwa dawa za kienyeji. Mpeleke zahanati na uombe barua ya rufaa kwenda kliniki ya ngozi, hata kama hakimwumi.