Barua Hewani: Kituo cha Redio ya Paketi Katika Mji wa Misafara

Mwaka 1871 H. M. Stanley alikuta Unyanyembe, kwenye viunga vya Tabora ya leo, mfuko wa barua za David Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Mfuko huo ulitoka Unguja, ukakawia Bagamoyo pamoja na msafara uliouchukua, kisha ukalala Unyanyembe ilhali mwenyewe yuko mbali upande wa magharibi. Vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vilikuwa vimeifunga njia ya magharibi. Mwezi Septemba Stanley aliondoka Kwihara akizunguka kwa kusini, na mfuko ulipofika mikononi mwa Livingstone, mwaka mzima ulikuwa umepita tangu siku iliyoandikwa juu yake.

Barua zile hazikupotea. Lililokosekana ni utaratibu. Aliyekuwa Unguja hakuwa na njia ya kujua upesi kwamba mfuko umekwama. Aliyekuwa Tabora hakubanwa na wajibu wa kuusukuma mbele. Na njia ilipofungwa hapakuwa na kanuni ya kuchagua nyingine. Msomaji asishangae, basi, tukianza makala ya redio na kompyuta kwa habari za wapagazi. Chombo tunachotaka kukieleza, yaani kituo cha kupokezana ujumbe kwa redio ya paketi, ambacho wataalamu hukiita nodi, kimeundwa ili kuziba kasoro hizo hizo tatu. Kwa ajili ya mfano tutakiweka katika kata ya Mtendeni, mjini Tabora, kwenye shule yenye mlingoti, redio moja ya masafa ya megahezi 144 hadi 146, na kompyuta ndogo inayoendeshwa kwa Linux.

Fikra ya kugawa ujumbe katika vipande vidogo na kuvirusha hewani ilijaribiwa mapema na Norman Abramson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hawaii. Mtandao wao, ALOHA, ulianza kazi mwaka 1971. Kila kituo kilirusha kipande chake kilipotaka, na kisipopata jibu kilirudia. Hesabu ilionyesha kuwa kwa mwenendo huo wa kusema bila kusikiliza, hata mambo yakiwa mazuri kabisa, ni kiasi cha asilimia 18 tu ya muda wa hewani unaotumika kwa faida. Muda uliobaki hupotea kwa migongano na kwa ukimya. Mwaka 1978 watu wa redio ya ridhaa huko Montreal, Kanada, walianza kurusha paketi zao wenyewe, na mwaka 1984 ikachapishwa kanuni iitwayo AX.25 ambayo imetumiwa na wanaridhaa duniani kote.

Paketi ya AX.25 yafanana na barua iliyotiwa bahasha. Mbele ina anwani ya mpokeaji na ya mpelekaji, kila moja baiti 7. Anwani zenyewe ni alama za mwito, ambazo kwa Tanzania huanza na 5H. Hufuata baiti moja ya kueleza aina ya paketi na namba yake ya mfuatano, nyingine ya kueleza yaliyomo, kisha maneno yenyewe, kwa kawaida yasiyozidi baiti 256. Mwisho kuna baiti 2 za ukaguzi: mpokeaji huzikokotoa upya, na zisipolingana huitupa paketi nzima kimya kimya. Hamwambii mpelekaji kwamba imeharibika. Mpelekaji hutambua kwa kukosa jibu, naye hurudia.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na mambo haya. Mwezi Januari 1990 satalaiti ndogo ya UoSAT-3, iliyojengwa katika Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, ilirushwa ikiwa na kumbukumbu ya kuhifadhi barua. Shirika la SatelLife la Marekani liliitumia katika mpango wa HealthNet, uliounganisha taasisi za tiba za Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Msumbiji. Satalaiti ikizunguka kiasi cha kilomita 800 juu ya ardhi, ilipita juu ya kila kituo mara chache tu kwa siku na kwa dakika chache kila mara. Daktari aliandika barua yake, kompyuta ikaiweka, satalaiti ilipochomoza ikaipokea kwa paketi, ikaibeba na kuishusha bara jingine. Simu na intaneti zilipoenea, njia hiyo iliachwa.

Turudi Mtendeni. Mawimbi ya megahezi 144 husafiri karibu sawa na macho yaonavyo. Mviringo wa dunia huyazuia. Kwa makadirio, umbali wa upeo kwa kilomita ni 4.12 mara kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, na vituo viwili hujumlisha upeo wao. Milingoti miwili ya mita 20 itasikilizana kwa kiasi cha kilomita 37. Uwanda wa Unyamwezi hauna milima mirefu ya kutusaidia, hivyo ili kufika Urambo, yapata kilomita 90 kwa upande wa magharibi, twahitaji miruko mitatu, yaani vituo viwili vya katikati. Wapagazi nao walipiga kambi njiani, kwa sababu zao nyingine.

Sasa kituo cha katikati kifanye nini? Njia rahisi ni kurudia tu kila kinachosikika. Tuseme kila mruko hufaulu mara 8 katika 10. Paketi ikiruka mara tatu kwenda, na jibu likaruka mara tatu kurudi, uwezekano wa safari nzima kukamilika ni 0.8 kuzidishwa mara sita, yaani 0.26. Karibu mara tatu katika nne kazi yote huanza upya kutoka Tabora, hata kama paketi ilikwisha karibia Urambo. Nodi hufanya vingine: hupokea, humjibu jirani kwamba imepokea, kisha huchukua juu yake dhamana ya mruko unaofuata. Hapo kila mruko hujitegemea, na uwezekano wa kwenda na kurudi katika mruko mmoja ni 0.64. Kwa wastani jaribio moja na nusu hivi latosha kila kambi. Hii ndiyo tofauti ya mpagazi anayerudi pwani kila mzigo unapoanguka, na yule anayeanzia kambi ya jana.

Katika kuitayarisha kompyuta, mwanafunzi atakuta kuwa amri ni chache na tarakimu za kupanga ndizo zenye kazi. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, hutolewa bila malipo, na tangu miaka ya 1990 kiini chake kiliingiziwa sehemu ya AX.25. Kabla ya yote hakikisha kwamba toleo ulilo nalo lina sehemu hiyo, maana si kila toleo huiweka tayari. Pasipokuwa nayo zipo programu zinazojitegemea zinazofanya kazi ile ile. Kazi ya modemu, yaani kugeuza biti kuwa sauti za hezi 1200 na 2200, yaweza kufanywa na kifaa maalumu au na programu inayotumia kadi ya sauti ya kompyuta.

Mlango wa redio huandikwa katika faili liitwalo "axports", mstari mmoja kwa kila redio. Mfano wetu ni huu:

redio  5Hxxx-1  9600  128  2  Mtendeni

Neno la kwanza ni jina la mlango. La pili ni alama ya mwito, na namba baada ya kistari, kuanzia 0 hadi 15, hutofautisha vituo vya mtu mmoja. 9600 ni kasi ya mazungumzo ya kompyuta na modemu. Si kasi ya hewani, ambayo ni biti 1200 kwa sekunde, na wengi hukosea hapo. 128 ni urefu wa juu wa maneno katika paketi moja, na 2 ni idadi ya paketi zinazoweza kurushwa mfululizo kabla ya kungoja jibu. Amri ya "kissattach" huunganisha modemu na mlango huo, na amri ya "axlisten" huonyesha kwenye kioo kila paketi inayosikika.

Kwa nini 128, na si 256? Paketi iliyojaa baiti 256 huwa na biti zipatazo 2200 pamoja na bahasha yake, nayo huchukua sekunde 1.84 hewani. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, mpasuko mmoja wa radi watosha kuiharibu yote. Paketi fupi hupoteza nafasi zaidi kwa bahasha, lakini ikiharibika hasara ni ndogo. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi kazi ya kutafuta urefu ulio bora kwa siku ya kiangazi na kwa siku ya masika, kisha walinganishe na yale wanayoyaona kwenye kioo.

Hufuata tarakimu ambazo kwa maoni yangu ndizo roho ya kituo, nazo hupangwa kwa amri ya "kissparms":

kissparms -p redio -t 300 -s 100 -r 63

Ya kwanza, milisekunde 300, ni muda wa kungoja baada ya kubonyeza redio na kabla ya kutuma biti ya kwanza. Redio nyingi huhitaji muda huo ili zitulie. Ukiupunguza mno, kichwa cha kila paketi hukatwa, jirani hulitupa gogo lililobaki, nawe hurudia bila kikomo ukidhani kuwa yeye ndiye kiziwi.

Mbili zilizobaki zahusu zamu. Kituo husikiliza kwanza. Hewa ikinyamaza, hakirukii kusema. Kila milisekunde 100 hupiga kura, na kwa tarakimu 63 nafasi ya kuruhusiwa kusema ni 64 katika 256, yaani moja katika nne. Tuseme vituo vitatu vinangoja pamoja. Katika kila kura 100, mara 42 hivi kituo kimoja tu kitasema na kueleweka, mara 42 vyote vitanyamaza, na mara 16 vitagongana. Mwenye haraka akiifanya nafasi kuwa nusu kwa vyote vitatu, migongano hupanda hadi mara 50, na za kueleweka hushuka hadi 37 au 38. Akiiweka 255, yaani kusema bila kura, vituo vitatu vitagongana kila mara. Kijana mmoja asiye na subira, mwenye redio ya wati chache tu, aweza kuwanyima watu wa wilaya nzima mawasiliano, naye kwenye kioo chake asione kosa lolote.

Kuna jambo ambalo subira haiponyi. Kituo kilichoko mashariki ya Tabora na kingine magharibi yake huisikia Mtendeni wote wawili, lakini hawasikiani wenyewe. Kila mmoja huona hewa kimya, husema, na sauti zao hugongana katika antena ya katikati. Dawa ni kuipa nodi redio ya pili yenye masafa mengine kwa upande mmoja. Ni gharama, lakini sijaona ya bei nafuu inayofaa.

Kisha nodi yahitaji jina la njia, lililoandikwa katika faili la "nrports". Jina lisizidi herufi 6. TABORA latosha barabara. Mtendeni halienei, kwa hiyo twaliita MTENDE. Kila baada ya muda uliopangwa, nodi hutangaza majirani inaowajua na ubora wa njia ya kwenda kwao, kwa kipimo kisichozidi 255. Ubora wa njia ndefu hupatikana kwa kuzidisha na kugawa kwa 256: mruko wa 192 ukifuatwa na mwingine wa 192 hutoa 144, na wa tatu hutoa 108. Njia ikinyamaza, hesabu ya uhai wake hupunguzwa kila tangazo mpaka ifutwe, na paketi hugeukia njia iliyo ya pili kwa ubora. Mwaka 1871 msafara uliokuta njia ya magharibi imefungwa ulingoja miezi Kwihara kabla ya kuzunguka. Mpangaji wa leo akipunguza mno muda wa kungoja, nodi itaitupa njia njema kwa sababu ya mvua ya saa moja. Akiuongeza mno, itaendelea kupeleka barua kwenye kambi isiyo na mtu.

Yamkini mwanafunzi atauliza: haya yote ya nini, nami nina simu mfukoni? Ni swali la haki. Kwa barua za kila siku simu hushinda, wala hatumwambii mtu aiache. Lakini simu huficha kila hatua, ilhali hapa paketi yaonekana ikienda, ikipotea na ikirudiwa. Tena mnara wa simu ukizimika kwa mafuriko au kwa kukosa umeme, betri ya gari na mlingoti wa shule huendelea kufanya kazi.

Sheria nayo iheshimiwe. Leseni na alama ya mwito hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na hairuhusiwi kurusha kabla ya kuzipata. Kanuni za kimataifa hukataza redio ya ridhaa kutumia lugha ya mafumbo ya kuficha maana. Kwa hiyo habari za wagonjwa kutoka zahanati hazifai kupitishwa hapa, maana kila mwenye redio aweza kuzisoma. Kazi hiyo huhitaji masafa na leseni nyingine.

Mpaka leseni itakapofika, shule yaweza kuacha kituo kikisikiliza tu, kwa amri ya "axlisten". Kwa antena ndogo na mahesabu kidogo, hata satalaiti za wanaridhaa zinazopita juu ya Tabora zaweza kusikika. Mlingoti usimamishwe wakati wa kiangazi, uunganishwe kwa waya mnene wa shaba na fimbo iliyozamishwa ardhini, na waya wa antena uchomolewe wingu la radi linapoonekana.