Kwasa Kwasa Ufukweni Marekani: Upokezi wa Albamu ya Kwanza ya Vampire Weekend

1.0 Utangulizi

Historia ya muziki wa dansi barani Afrika ni historia ya kuazimana. Kuanzia miaka ya 1930 santuri za Kikuba zilienea katika miji ya pwani na ya bara. Vijana wa Kinshasa na Brazzaville wakazisikiliza, wakahamishia kwenye magitaa yao kazi iliyofanywa na piano, na hatimaye wakazaa rumba ya Kikongo. Rumba hiyo nayo ilisafiri hadi Dar es Salaam na Nairobi. Hakuna mhakiki makini leo anayewaita wanamuziki hao wezi. Mwaka 2008, hata hivyo, vijana wanne wa New York walipoazima milio ya magitaa ya Kiafrika, swali la wizi liliulizwa mara moja, tena kwa ukali.

Makala haya yanachunguza upokezi wa albamu iliyozusha swali hilo, yaani albamu ya kwanza ya bendi ya Vampire Weekend, iliyobeba jina la bendi yenyewe. Inadaiwa hapa kwamba mgogoro uliofuata ulitokana zaidi na matarajio ambayo kila kundi la wasikilizaji lilikuja nayo kuliko na muziki uliomo ndani ya albamu. Aidha, inaonyeshwa kuwa mgogoro huo ulichanganya maswali mawili yanayofaa kutenganishwa: swali la ubora wa sanaa na swali la haki ya wenye mtindo ulioazimwa.

2.0 Bendi na Albamu Yake

Vampire Weekend iliundwa mwaka 2006 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Ezra Koenig aliimba na kupiga gitaa, Rostam Batmanglij alipiga kinanda na gitaa, Chris Baio alishika besi na Chris Tomson ngoma. Batmanglij, ambaye wazazi wake wanatoka Iran, ndiye aliyesimamia utayarishaji wa albamu. Ilitolewa mwishoni mwa Januari 2008 na XL Recordings, kampuni huru ya London. Hivyo bendi hii huhesabiwa katika roki ya indi, yaani ile iliyokulia katika kampuni ndogo zisizo chini ya mashirika makubwa ya muziki, na ambayo wapenzi wake huthamini sana uhuru wa msanii na ukweli wa hisia zake.

Albamu ina nyimbo kumi na moja, na haizidi sana nusu saa. Nyimbo hizo hazifanani. "A-Punk" ni wimbo wa mbio wenye asili ya panki. "M79", uliopewa jina la basi linalokatiza bustani kuu ya Manhattan, unategemea fidla na kinanda cha Ulaya ya kale. "Cape Cod Kwassa Kwassa" ndio unaotaja Afrika waziwazi. Maudhui yake ni maisha ya vijana wasomi wenye nafasi: madarasa ya chuo, fukwe za mapumziko, mavazi ya gharama na mapenzi yasiyo na hakika.

3.0 Kilichoazimwa

Kwasa kwasa ni uchezaji wa nyonga uliovuma Kinshasa katika miaka ya 1980 na kuenezwa duniani na wanamuziki kama Pepe Kalle na Kanda Bongo Man. Muziki uliouambatana nao ulijengwa juu ya magitaa yanayosukana: moja likishika mdundo, jingine likijibu, na la solo likipanda juu yao hadi wimbo unapofika kwenye sebene, sehemu ambayo maneno hupungua na wachezaji hushika uwanja.

Katika "Cape Cod Kwassa Kwassa" kilichochukuliwa ni sehemu ndogo ya jengo hilo. Kuna gitaa jembamba lenye mlio safi na mdundo mwepesi wa ngoma, lakini hakuna sebene. Wimbo huanza kwa utulivu na kumalizika kwa utulivu, kama watu wanaozungumza barazani jioni. Maneno yake yanaiweka kwasa kwasa katika rasi ya Massachusetts inayojulikana kwa nyumba za likizo za wenye mali, na kuitaja pamoja na bidhaa za anasa na jina la Peter Gabriel, mwimbaji Mwingereza aliyejulikana kwa kuchanganya muziki wake na wa Afrika. Hiki ndicho kiini cha utata. Msikilizaji mmoja husikia kejeli: kijana tajiri anayevaa tamaduni za wengine kama anavyovaa shati. Mwingine husikia majigambo ya kijana huyohuyo.

4.0 Namna Albamu Ilivyopokelewa

Mwananadharia Mjerumani Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 huko Konstanz, alisisitiza kwamba kazi ya sanaa hupokelewa ndani ya upeo wa matarajio: jumla ya mambo ambayo hadhira imekwisha kuyazoea na ambayo kazi mpya huyathibitisha au huyavunja. Nadharia hiyo ilihusu fasihi, lakini inafaa kabisa hapa.

4.1 Waliosifu

Nyimbo za awali za bendi zilianza kuzagaa kwenye intaneti mwaka 2007, kabla ya albamu kuwa tayari, na sifa zilitangulia bidhaa. Jarida la Spin liliiweka bendi kwenye jalada lake la Machi 2008. Pitchfork, chombo kilichokuwa na sauti kubwa miongoni mwa wapenzi wa indi, kiliipa albamu alama 8.8 kati ya 10. Kwa wasikilizaji hawa, waliochoshwa na roki nzito ya huzuni, magitaa mepesi na uchangamfu wa nyimbo hizi vilikuwa kama dirisha lililofunguliwa.

Muktadha pia ulisaidia. Oktoba 2007 mhakiki Sasha Frere-Jones alichapisha katika The New Yorker makala iliyodai kuwa roki ya indi imejitenga na midundo ya watu weusi na hivyo kupoteza uhai. Miezi mitatu baadaye ikatokea bendi ya indi iliyofanya kinyume.

4.2 Waliolaumu

Lawama zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ilihusu tabaka. Wanabendi walivaa kama wana wa matajiri na kuimba kuhusu mazingira ya matajiri, na hadhira ya indi, iliyozoea kuona umaskini wa msanii kama dhamana ya ukweli wake, ilihisi kudhihakiwa. Ya pili ilihusu Afrika. Walikumbushwa Paul Simon, ambaye albamu yake ya Graceland ya mwaka 1986 ilirekodiwa kwa sehemu Johannesburg wakati wa vikwazo vya kitamaduni dhidi ya ubaguzi wa rangi, na kumletea lawama za wapigania uhuru. Hata hivyo, Simon alipiga na Waafrika wenyewe, akiwemo mpiga gitaa Ray Phiri na kundi la Ladysmith Black Mambazo, na majina yao yalisikika duniani. Katika albamu ya Vampire Weekend Afrika ilikuwamo kama mlio tu, bila Mwafrika.

Basi roki ya indi ikajikuta katika njia panda: ikijitenga na muziki wa weusi inalaumiwa, na ikiukaribia inalaumiwa pia.

4.3 Jibu kutoka kwa Msanii wa Malawi

Mwaka huohuo wa 2008 Esau Mwamwaya, mwimbaji kutoka Malawi aliyekuwa akiishi London, alishirikiana na watayarishaji wa Radioclit kutoa mkusanyiko wa nyimbo ambamo "Cape Cod Kwassa Kwassa" ilitumika upya kwa sauti yake. Mwaka 2009 Koenig aliimba katika "Warm Heart of Africa", wimbo wa kundi lao la The Very Best. Mwamwaya hakungoja kuombwa radhi wala ruhusa. Aliuchukua muziki huo kama malighafi, kama wapiga rumba walivyozichukua santuri za Kikuba.

5.0 Sikio la Afrika Mashariki

Wanabendi waliuita muziki wao, kwa utani, "Upper West Side Soweto", wakiunganisha mtaa wa wenye nafasi wa Manhattan na mji wa weusi wa Afrika Kusini. Msikilizaji aliyekulia katika muziki wa dansi wa Tanzania ataona mambo mawili hapo.

Kwanza, kujiita hivyo si jambo geni. Bendi za Tanzania kwa muda mrefu zimejitambulisha kwa mtindo: Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, ilichukua Sikinde kutoka kwenye ngoma ya Wazaramo. Tofauti ni kwamba Sikinde ilielekeza kwenye ngoma ambayo wapigaji na wachezaji waliijua, ilhali Soweto ya Vampire Weekend ilitoka kwenye rekodi.

Pili, jina hilo linachanganya nyumba mbili. Soweto ni nyumbani kwa mbaqanga, ambayo besi yake nzito huongoza na gitaa hujibu. Kwasa kwasa ni ya Kongo. Kwa sikio la New York yote ni "gitaa la Afrika". Kwa sikio la Dar es Salaam, tofauti yake ni dhahiri kama tofauti ya taarabu na dansi.

6.0 Mtindo na Mali

Sheria ya hakimiliki hulinda wimbo, si mtindo. Solomon Linda alirekodi "Mbube" mwaka 1939 na kulipwa shilingi chache. Wimbo ukawa "The Lion Sleeps Tonight", na warithi wake walipata suluhu mwaka 2006 tu, kwa kuwa kulikuwa na tungo inayoweza kudaiwa. Kwasa kwasa haina tungo moja wala mtunzi mmoja. Hakuna wa kwenda mahakamani, na hakuna wa kulipwa. Methali husema cha kuazima hakisitiri maungo. Hapa aliyeazima alisitirika vizuri, na aliyeazimwa ndiye aliyebaki bila kutajwa. Albamu ya pili, Contra, ilishika nafasi ya kwanza katika chati ya albamu ya Billboard, Marekani, Januari 2010.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba albamu moja ilisikika kama uhai mpya, kama majivuno ya kitabaka, kama uporaji na kama malighafi, kulingana na upeo wa matarajio wa kila hadhira. Kwa upande wa sanaa, uazimaji si kosa. Bila huo rumba isingekuwapo. Kwa upande wa haki, wapiga rumba wa Kinshasa hawakuwa na nguvu ya kuwafunika Wakuba, ilhali bendi yenye jalada la jarida la Marekani inaweza kufunika jina la Pepe Kalle kwa msikilizaji ambaye hajawahi kulisikia. Mhakiki hana budi kuyapima mambo hayo mawili kwa mizani tofauti: kuusifu wimbo unapostahili, kisha kuuliza nani ametajwa na nani amenufaika. Swali hilo la pili halijibiwi na uzuri wa gitaa.