Subaru iliyogeuka mke mwenza

Impreza WRX ya mwaka 2004 ikikaa miaka 10 uani, mama watoto huanza kuiita mke mwenza. Si wivu wa bure. Injini ya turbo hutaka oili safi kwa wakati, na mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, vali hugonga pistoni, na hapo karo ya watoto huishia kwa fundi.

Lakini ugomvi mwingi hauletwi na bei ya mkanda. Huletwa na risiti iliyofichwa chini ya kiti. Baba, mwonyeshe. Kisha Jumapili mpe ufunguo aendeshe yeye. Wapo waliorudi wakiulizia tairi mpya.