Mshtuko wa moyo huanza kujengwa ujanani

Mtu wa miaka 50 akianguka ghafla kwa mshtuko wa moyo, ndugu husema: "Jana tu alikuwa mzima." Mara nyingi hakuwa mzima. Mishipa yake ilikuwa ikiziba polepole kwa miaka mingi bila yeye kuhisi chochote.

Mwaka 1953, madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa miili ya askari 300 waliouawa katika vita ya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22 tu, lakini zaidi ya 7 kati ya 10 walikuwa na dalili za ugonjwa katika mishipa inayolisha moyo.

Mafuta hujikusanya taratibu kwenye kuta za mishipa hiyo. Siku utando wake ukipasuka, damu huganda hapo na kuziba njia. Sehemu ya moyo isiyopata damu huanza kufa.

Utafiti uliofanyika katika nchi 52, zikiwemo za Afrika, na kuchapishwa mwaka 2004, ulionyesha kuwa mambo tisa yanaeleza takriban asilimia 90 ya hatari ya mshtuko wa moyo wa kwanza. Miongoni mwake ni sigara, lehemu nyingi kwenye damu, presha, kisukari, kitambi, msongo wa mawazo, kutofanya mazoezi, na kutokula mboga na matunda kila siku. Karibu yote yanaweza kudhibitiwa.

Ukoo haubadiliki. Ikiwa baba au kaka aliugua moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya miaka 65, anza kupima mapema.

Mzazi afanye nini?

- Pima presha hata kama huumwi. Ikifika 140/90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, mwone daktari. Usiache dawa kwa sababu unajisikia nafuu. Presha haina kelele.
- Chumvi ya mtu mzima kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye viungo vya pakiti. Usiweke kopo la chumvi mezani.
- Soda na chipsi visiwe zawadi ya kila siku kwa mtoto. Mpe maji na tunda.
- Mtoto acheze kwa dakika 60 kila siku. Mtu mzima atembee haraka angalau dakika 150 kwa wiki.
- Acha sigara. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Dalili za kukimbilia hospitali

Kifua kubana, maumivu yanayosambaa mkononi, mgongoni au kwenye taya, jasho la baridi na kukosa pumzi. Kwa wanawake, huweza kuwa kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida. Usiseme ni vidonda vya tumbo ukasubiri kukuche. Kila dakika inayopita, misuli ya moyo inakufa.