Mshale Ulioshuka Injini Ikiungua

Katapila lilinoki likiwa linasukuma udongo kwenye barabara ya msituni, wilayani Mufindi, na dakika chache kabla ya hapo geji yake ya joto ilionyesha kwamba injini inapoa. Injini kufa si habari katika mji wenye mashine nyingi kuukuu kama Mafinga. Kilichonisumbua ni huo mshale. Kijana aliyekuwa akiendesha anaapa kwamba aliutazama. Ulipanda, ukagusa ukingo wa nyekundu, kisha ukaanza kurudi wenyewe, taratibu, mpaka kwenye kijani. Akashukuru, akaendelea na kazi. Silinda hedi ilipofunguliwa ilikuwa na ufa, gasketi imeungua na pistoni mbili zimekwaruza kuta.

Kila aliyesikia maelezo yake alimwona mwongo, isipokuwa fundi aliyeifungua injini hiyo.

Nilimkuta fundi huyo kwenye yadi yake, hatua chache kutoka barabara kuu ya Mbeya, katikati ya minyororo ya makatapila na magurudumu ya greda. Ni mzee wa makamo, mikono imejaa alama za kuungua, na ameomba nisimtaje jina kwa sababu mwenye mashine bado ni mteja wake. Nilipomwamkia na kumweleza shida yangu, hakunijibu kwanza. Alimtuma msaidizi wake alete jiko la mkaa na sufuria.

"Geji ile haikusema uongo, mwanangu," alisema akipuliza makaa. "Yenyewe inaulizwa joto la maji. Maji hayakuwepo."

Mezani alikuwa na geji ya aina ileile, ameipasua ili wasaidizi wake wajifunze, na nyingine nzima. Geji hizi za zamani hazitumii umeme. Upande wa injini kuna kichwa cha shaba, kifupi kuliko kidole, kinachochomekwa kwenye njia ya maji. Kutoka hapo unaanza mrija wa shaba ambao tundu lake hulioni mpaka uukate na kuuinua kwenye mwanga; unapita chini ya sakafu ya kebini hadi nyuma ya dashibodi. Ndani ya kichwa mna kimiminika kinachochemka upesi, mara nyingi etha. Maji ya injini yakipata moto, etha inatoa mvuke, mvuke unasukuma kwenye mrija, na mwisho wa safari unakutana na kibomba kilichobanwa kikawa bapa na kupindwa nusu duara. Kibomba hicho kinajinyoosha kama mpira wa kumwagilia bustani uliojikunja pale bomba linapofunguliwa. Kujinyoosha kwenyewe ni kwa milimita chache tu, lakini kunatosha kuvuta meno madogo yanayozungusha mshale. Mfaransa Eugène Bourdon alikipatia hataza kibomba cha namna hii mwaka 1849, na hadi leo ndicho kinachofanya kazi ndani ya geji za mitungi ya gesi, za boila na za pampu. Kumbe geji ya joto ya katapila ni geji ya presha, na joto inalijua kwa kupitia maji tu.

Sufuria ilipochemka, fundi alitumbukiza kichwa cha geji nzima. Mshale ukaruka, ukatulia kwenye 94 hivi. Mafinga iko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika 100; ndiyo maana, alinikumbusha, kifuniko cha rejeta kinachoshika presha vizuri kina thamani kubwa huku kuliko Dar es Salaam. Kisha akamwaga maji, akairudisha sufuria tupu juu ya makaa, na akakining'iniza kile kichwa usawa wa ukingo wake, kisiguse bati. Chini ya sufuria palianza kubadilika rangi. Mshale ukashuka. Tisini, themanini na tano, sabini na kitu. Sufuria inaungua, tunainusa, na geji inatangaza nafuu.

Nadhani kila mtu anayepanda mashine ya namna hii angepaswa kuonyeshwa jambo hilo kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Maji hukabidhi joto lake kwa shaba upesi sana. Hewa hukabidhi kidogo kidogo. Katika lile katapila, mpira wa chini wa rejeta ulikuwa unasuguana na kishikio chake hadi ukapasuka. Maji yalipopungua, yaliyobaki yakapata moto zaidi, ndipo mshale ukapanda. Yaliposhuka chini ya kichwa cha geji, kichwa kikabaki kinaning'inia hewani, ndipo mshale ukarudi. Bati zito linalokinga injini kwa chini lilikinga na maji pia, hivyo ardhi haikulowa mapema. Kijana hakuwa na dalili nyingine ya kumwonya.

Tangu hapo fundi ameanza kuzifungia geji za ziada mashine kuukuu zinazoletwa kwake. Wenye mashine wanakubali kwa shingo upande. Geji mbili na sensa yake ni senti mbele ya gharama ya ovahoo, lakini ovahoo hulipwa kwa kulazimika, na geji hulipwa kwa hiari.

Cha kwanza anachofunga ni sensa ya joto la chuma. Ni pete ndogo inayowekwa chini ya bolti kwenye silinda hedi, ikapeleka waya kwenye kioo kidogo chenye namba na kengele. Hii haijali maji yapo au hayapo. Inapima hedi yenyewe. Geji ya kiwandani anaiacha mahali pake. Namba hizo mbili zikitembea pamoja, mambo ni mazuri. Zikianza kuachana, chuma kinapanda na maji yanashuka, opareta ajue rejeta haina kitu.

Cha pili ni geji ya presha ya oili yenye namba. Mashine nyingi za umri huo zilikuja na geji zenye rangi tu, kijani na nyekundu. Rangi inakwambia leo. Haikwambii kwamba mwezi uliopita injini ikiwa moto na taratibu ilishika 25 na sasa inashika 18. Tofauti hiyo ndiyo inayosema beringi za krenki zinalika. Kwa hiyo kila geji anayofunga huambatana na daftari la shule, limefungwa kwa kamba kando ya kiti. Opareta aandike tarehe, saa zilizosomeka kwenye mita, presha asubuhi na presha mashine ikishapata moto. Nililiona moja. Kurasa za mwanzo zimejaa mwandiko wa kalamu ya bluu, kisha siku zinaanza kurukwa.

Kwenye greda aina ya 140G iliyokuwa imeegeshwa pale, injini yake 3306, alinionyesha mahali pa kuchukulia presha. Kiwanda kiliacha matundu yaliyozibwa kwa plagi ubavuni mwa bloku, kwenye njia kuu ya oili. Unafungua moja na kufunga nipeli ya geji. Kwa maneno ni rahisi. Kisha akanitolea mfukoni nipeli mbili za shaba, zote za robo ya nusu inchi, ambazo kwa macho yangu zilikuwa pacha.

"Zishikanishe meno," alisema, "halafu tazama juani."

Meno matatu ya kwanza yalilaliana vizuri. La nne likaanza kusita. Kufikia la saba mwanga ulikuwa unapita katikati. Moja ni ya kipimo cha Kimarekani, meno 27 kwa inchi. Nyingine ni ya Kiingereza, meno 28, na hata ncha za meno zina pembe tofauti, nyuzi 60 kwa ile na 55 kwa hii. Maduka ya vifaa vya mabomba yamejaa ya Kiingereza. Mashine za Kimarekani za zamani zinataka ile nyingine. Kijana wa spana ataiingiza, itakubali mizunguko miwili mitatu, ataona inakaza, atazungushia tepu nyingi nyeupe na kuamini amemaliza. Oili moto itaanza kutoka kwa matone, na siku moja nipeli itachomoka. Geji iliyofungwa kuokoa injini inaimaliza oili yote kwa dakika chache. Fundi amekwisha kuletewa injini ya aina hiyo, na alipoieleza sauti yake ilishuka, maana aliyefunga nipeli alikuwa mwanafunzi wake.

Yapo mengine ambayo aliyapitia haraka. Mashine nyingi kubwa ni za volti 24, geji rahisi madukani ni za volti 12 za magari madogo. Wapo wanaochukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili, na betri zote mbili zinakufa kabla ya wakati. Mrija wa plastiki haupelekwi kebini ukiwa na oili moto, kwa sababu ukipasuka unamwagikia miguuni mwa mtu. Yeye anatumia hosi yenye nyavu za chuma. Kisha kuna desturi ya kutoa termostati, ambayo imeenea nchi nzima kana kwamba ni kanuni. Anaichukia kwa moyo wote. Mwezi wa saba asubuhi Mafinga kuna baridi ya umande kuganda, na injini isiyo na termostati haifikii joto lake la kazi. Mshale unalala chini siku zote, na opareta akishazoea kuuona umelala, anaacha kuutazama.

Nilimuuliza kama geji zingemwokoa yule kijana. Alinyamaza, kisha akaniita nyuma ya greda nyingine. Chini ya dashibodi palikuwa na waya mbili, zimekatwa kwa koleo, zimefungwa tepu nyeusi. Ni za kengele aliyoifunga yeye mwenyewe.

Hakumlaumu aliyezikata. Mashine hukodishwa kwa saa. Opareta wengi ni vibarua, leo yupo kesho hayupo. Kengele ikilia saa tano mchana, tipa zimepanga foleni zinangoja kifusi kisawazishwe, ni yeye peke yake anayesimama mbele ya foremani kueleza kwa nini amezima. Akizima na tatizo likawa dogo, kapoteza saa za watu. Asipozima na injini ikafa, kaua mashine. Yule kijana wa katapila hajaitwa kazini tangu siku ile. Fundi alimweleza mwenye mashine habari ya mshale na sufuria, hata akajitolea kumwonyesha. Mwenye mashine alisikiliza, akauliza ovahoo italipwa na nani.

Sasa yeye huyo mwenye mashine ameleta solenoidi ya kukata dizeli. Anataka iunganishwe na sensa ya hedi: joto likizidi, injini izime yenyewe bila kumngoja mtu. Fundi anasita. Katapila likiwa mteremkoni na injini ikazima, pampu nazo zinazima, na kwenye mashine nyingi nguvu inayosaidia usukani na breki inapotea hapo hapo. Injini inaweza kununuliwa nyingine. Kwa hesabu yake, kengele kali inatosha, mradi mtu asiikate.

Nilimtafuta yule kijana, anayefanya sasa vibarua vya kupakia mbao, nikamuuliza angechagua ipi. Alijibu bila kufikiri. Anataka ijizime. "Ikijizima, foremani atagombana na mashine. Hatagombana na mimi."

Nilimrudishia mzee jibu hilo. Alilitafakari kwa muda, kisha akasema labda njia iko katikati: kengele ilie kwanza, opareta apate nafasi ya kutoka mteremkoni na kushusha bamba chini, ndipo dizeli ikatwe. Lakini nafasi ya sekunde ngapi? Thelathini zinatosha kwenye kona zile za msituni, udongo ukiwa umelowa? Na injini isiyo na maji itavumilia sekunde ngapi kabla hedi haijapasuka? Anasema hafungi kitu kwa kukisia. Amemwomba mwenye mashine amruhusu kijana apande tena katapila, siku moja tu, wapime muda wa yote mawili huko huko porini. Ruhusa haijatoka, na mashine imeshaahidiwa kwa mkodishaji mwingine.